Chupa sita za Morgon

Anayetaka kuujua mvinyo vizuri anunue ule ambao mfuko wake unamruhusu kubeba chupa sita kwa mpigo. Nasema hivyo nikijua kwamba tumezoeshwa kuamini kinyume. Mvinyo mwekundu wa kuweka, tunaambiwa, ni ule wa bei ya kutisha, mzito mdomoni, wenye rangi inayokaribia weusi na jina la jumba la Bordeaux kwenye lebo. Ule mwepesi wa bei ya kawaida ni wa kunywa Jumamosi na kutupa chupa. Imani hiyo imewanyima wanywaji wengi jambo zuri kuliko yote ambayo kinywaji hiki kinaweza kumpa mtu, nalo ni kuuona mvinyo ule ule mmoja ukibadilika mwaka baada ya mwaka, na kujua umebadilika vipi. Wasomaji ambao dini yao haiwaruhusu wataniwia radhi. Wapo wengi wanaokunywa na kulipa bila kuelezwa wanacholipia, na hao ndio ninaowaandikia.

Mtu aliyetoa euro mia kadhaa kwa chupa moja ya Burgundy ana nafasi moja tu. Aifungue lini? Akiwahi, ataonja kitu kilichojifunga. Akichelewa, ataonja masalia. Hata akibahatika kuigusa siku yake hasa, hana cha kulinganisha nacho: hakuionja ilipokuwa changa, wala hatajua ingekuwaje kama angevumilia miaka mitatu zaidi. Tena ikitokea chupa yenyewe imeharibika, atalaumu shamba, mkulima na mwaka wa mavuno, kumbe kosa ni la kizibo kimoja. Mwenye chupa sita za euro 12 au 15 hana wasiwasi huo. Ya kwanza ikimwangusha, ya pili itamwambia ukweli.

Mfano wangu ni Beaujolais, na ndani ya Beaujolais ni Morgon. Sijui mahali pengine Ufaransa ambapo wepesi, bei ya kadiri na uwezo wa kusubiri vimekutana namna hii.

Beaujolais ni ukanda wa vilima kaskazini mwa jiji la Lyon, kilomita 50 na ushei kwa urefu, upande wa magharibi wa mto Saône. Zabibu yake nyekundu ni Gamay, yenye ganda jeusi na maji meupe ndani. Upande wa kusini ardhi ni ya mfinyanzi na chokaa, na huko hutoka mvinyo mwingi unaouzwa kwa jina la Beaujolais tu. Kaskazini mwamba ni graniti, na ndiko yaliko maeneo kumi yanayoruhusiwa kuuza kwa majina yao yenyewe: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Mengi yao yalitambuliwa kisheria miaka ya 1930, na Régnié likaja mwisho kabisa, mwaka 1988. Mnunuzi ajue kwamba chupa za maeneo haya mara nyingi hazitaji neno Beaujolais mbele. Zinaandikwa Fleurie au Morgon, basi. Wengi huzipita dukani wakidhani ni kitu kingine.

Hayafanani. Chiroubles liko juu zaidi vilimani na mvinyo wake ndio mwepesi kuliko wote. Fleurie hunukia maua. Moulin-à-Vent, lililopata jina kutokana na kinu cha upepo ambacho bado kimesimama katikati ya mashamba, lina manganizi ardhini na mvinyo wake ni mkakamavu, hautaki kuharakishwa. Morgon lina kilima kiitwacho Côte du Py, cha mwamba wa kale ulioliwa na mvua na jua hadi ukawa wa kumeguka. Mvinyo wa mteremko huo, katika mwaka mzuri, unaweza kukaa miaka kumi na zaidi huku ukizidi kupendeza. Ndio huu ninaoutetea.

Kudharauliwa kwa Gamay hakukuanza jana. Mwezi Julai 1395, Philippe, mtawala wa Burgundy aliyepewa lakabu ya Jasiri, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika nchi yake, akiita zao hilo ovu na lenye madhara kwa binadamu. Alitaka zabibu ya Pinot peke yake. Wakulima walikuwa na sababu zao za kuipenda Gamay: huiva mapema kuliko Pinot na huzaa sana, nao walikuwa watoto na wajukuu wa watu walionusurika tauni kubwa ya katikati ya karne hiyo, wakati mikono ya kufanya kazi mashambani ilipokuwa haba. Kwa haki, mtawala hakukosea kila kitu. Gamay katika ardhi ya chokaa ya Burgundy huzaa kupita kiasi na kutoa mvinyo mkali usio na kina. Lakini Beaujolais haikuwa chini ya amri yake. Ilikuwa mali ya mabwana wa Beaujeu, na huko, katika graniti isiyo na rutuba, mzabibu huu ulilazimika kupunguza vichala na kuweka nguvu zake katika vile vichache vilivyobaki. Ulifukuzwa mahali pasipoufaa, ukashamiri mahali palipoufaa.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, pamoja na wenzao wa Montpellier, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya zabibu za kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Gamay, walikuta, ni mtoto wa Pinot yenyewe. Mzazi wake wa pili ni Gouais blanc, zabibu nyeupe ya watu wa chini ambayo wakubwa hawakutaka kuiona mashambani mwao. Chardonnay, malkia wa mvinyo mweupe duniani, imezaliwa na wazazi hao hao wawili. Hivyo basi ndugu mmoja alipewa vilima vya heshima na mwenzake akafukuzwa, na hukumu ile ya 1395 bado tunaisoma kila siku kwenye vibandiko vya bei.

Hata hivyo, sehemu ya fedheha ya Beaujolais ilitoka nyumbani kwake, na hili ni lazima lisemwe.

Njia ya kienyeji ya kutengeneza mvinyo huu ni kumimina vichala vizima, na vikonyo vyake, ndani ya tangi bila kusaga. Vilivyo chini hupasuka kwa uzito wa vilivyo juu, maji yake huanza kuchacha, na hewa ya ukaa inayotoka hujaza tangi. Punje za juu zikikosa oksijeni huanza kuchacha zenyewe, ndani kwa ndani, ganda likiwa bado zima. Kwa njia hiyo hutoka rangi na harufu nyingi ya matunda, ugwadu hupungua, na tanini huchukuliwa kidogo tu. Tanini ni ile hali ya ukakasi, kama ya bibo la mkorosho linavyokausha ufizi. Mvinyo wa namna hii hunyweka mapema. Kuanzia mwaka 1951 sheria iliruhusu Beaujolais kuuzwa majuma machache tu baada ya mavuno, na mwaka 1985 siku ikawekwa kuwa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Mfanyabiashara Georges Duboeuf, aliyefariki mwaka 2020, aliifanya siku hiyo kuwa sherehe ya dunia nzima, kutoka Paris hadi Tokyo.

Sherehe yenyewe sina neno nayo. Wakulima walipata fedha kabla ya Krismasi, na watu walipata kinywaji cha furaha. Ubaya ni kwamba soko lilipoita zaidi, mashamba yakazalishwa kupita kiasi, zabibu zikavunwa kabla ya kuiva vyema, sukari ikatiwa tangini ili kupandisha kileo, na hamira za dukani zikaharakisha kazi. Ile harufu ya ndizi mbivu ambayo wengi wanaikumbuka katika chupa za Novemba hutokana na kemikali ile ile iliyomo katika ndizi, isoamili asetati, ambayo hamira fulani na uchachuaji wa haraka huizalisha kwa wingi. Miezi michache ikipita, harufu hiyo hutoweka, na chini yake hakuna kitu. Hatimaye wanywaji walichoka. Baada ya mavuno ya 2001, mvinyo wa kujaza zaidi ya makasha milioni moja ulikosa mnunuzi, ukaishia kukenekwa au kumwagwa. Watu waliokuwa wameonja chupa hizo wakahitimisha kwamba Gamay ndivyo ilivyo.

Lakini ndani ya vijiji hivyo hivyo palikuwa na watu waliokuwa wakifanya kazi tofauti. Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo na mwanakemia wa La Chapelle-de-Guinchay, aliyeishi kati ya 1907 na 1989, alitumia maisha yake kuchunguza hamira za asili na uchachuaji wa punje nzima, akashikilia kwamba zabibu iliyolimwa vizuri haihitaji kusaidiwa sana. Marcel Lapierre wa Morgon alimsikiliza. Alichukua shamba la familia yake mwaka 1973, na baada ya kukutana na Chauvet aliacha dawa za kuua magugu, akavuna kwa kuchelewa, akachambua vichala kimoja kimoja, na akapunguza salfa hadi karibu na sifuri. Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet, majirani zake, walifuata mkondo huo. Lapierre alifariki mwaka 2010, na familia yake inaendelea. Upande wa pili, mwaka 1996 nyumba ya Louis Jadot kutoka Burgundy ilinunua Château des Jacques huko Moulin-à-Vent na kuutengeneza mvinyo wake kwa mtindo wa Burgundy: kuondoa vikonyo, kuloweka maganda kwa muda mrefu, kuweka katika mapipa ya mwaloni. Njia hizi mbili zinapishana karibu katika kila hatua. Zote mbili zimetoa mvinyo unaokaa, na mimi huo nauona kuwa ushahidi kwamba siri imo katika zabibu na ardhi kuliko katika ufundi wa ghalani.

Sasa tuzirudie chupa zetu sita.

Ya kwanza ifunguliwe mara tu ukinunua, kwa kawaida mwaka mmoja au mmoja na nusu tangu mavuno. Waite watu wanne au watano, kwa sababu kuonja peke yako ni kujinyima masikio ya wengine. Mimina hadi theluthi ya glasi, usizidishe. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone ukingo: Morgon changa ina wekundu wenye zambarau kidogo pembeni. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena, maana harufu nyepesi huwahi kutoka na nzito hufuata. Wafaransa watakutajia cheri na rasiberi. Aliyekulia kwetu ana haki ya kutaja fursadi, zambarau, waridi, pilipili manga, na udongo unapopata mvua ya kwanza, na wala asione haya kwa sababu kitabu hakikuandika hivyo. Pua hukumbuka ilichokutana nacho.

Halafu onja. Usimeze haraka, upitishe mdomo mzima. Ugwadu utauhisi pembeni mwa ulimi, mate yakianza kutoka. Ukakasi utauhisi kwenye fizi, nao katika Gamay ni mdogo. Joto la kileo utalihisi kooni. Jiulize kama hivi vitatu vinakaa pamoja au kimoja kinawapigia kelele wenzake, na ukishameza, subiri uone ladha inadumu kwa muda gani. Mimi hukiamini kipimo hicho cha mwisho kuliko vingine vyote. Mvinyo ambao ladha yake inakatika mara umezwapo, hata kama ulianza kwa kishindo, haufai kuwekwa. Ule ambao unaendelea kuzungumza baada ya kupita kooni una kitu cha kuishi nacho. Andika ulichokiona, hata mistari miwili, na tarehe. Bila maandishi, baada ya miaka mitatu utakuwa unalinganisha mvinyo na ndoto.

Ya pili ifunguliwe mwaka wa tatu tangu mavuno, na hapa nawatahadharisha kwa moyo wote, kwa kuwa ndipo watu hukata tamaa. Mvinyo mwingi wa Morgon na Moulin-à-Vent huingia kipindi cha kujifunga. Ile furaha ya matunda ya mwanzo imeondoka na kinachokuja bado hakijafika. Utanusa na kupata kidogo sana, utaonja na kuhisi ugwadu umejitokeza peke yake. Mtu mwenye chupa mbili tu angesema umekufa na kuimalizia nyingine jikoni. Wewe una nne. Zilaze.

Kinachoendelea ndani ya kioo kinaeleweka kiasi cha kutosha. Zile kemikali za harufu ya matunda mabichi huvunjika polepole. Chembe za rangi hushikana na tanini, zikawa nzito, na baadaye huanguka chini kama mashapo. Ndiyo maana wekundu hufifia kuelekea rangi ya tofali, na ukakasi huwa laini. Hewa kidogo sana, inayopenya kizibo, husaidia kazi hiyo. Ugwadu, kwa upande wake, haubadiliki sana, na huo ndio uti wa mgongo wa safari yote. Watu huamini tanini ndiyo inayoutunza mvinyo, na kweli inasaidia, lakini nimeonja mivinyo mizito yenye tanini tele ambayo matunda yake yalikufa mapema ikabaki ukakasi mtupu. Gamay ya graniti ina ugwadu wa kutosha na matunda safi, ikiwa haikulazimishwa kuzaa kupita uwezo wake. Kwa hiyo inaweza kusafiri mbali bila mzigo mkubwa.

Ya tatu na ya nne ni za mwaka wa tano hadi wa saba, na kama ningelazimishwa kuwa na Morgon ya umri mmoja tu maisha yangu yote, ningechagua huu. Matunda bado yapo, ila sasa yamekaukakauka, yana utamu wa kitu kilichoiva mtini bila kuharakishwa. Kuna viungo, karafuu kwa mbali, majani makavu, ngozi. Ukakasi umeyeyuka kabisa. Ya tano na ya sita, mwaka wa tisa, wa kumi au zaidi ikiwa mavuno yalikuwa ya mwaka kama 2005 au 2009, huanza kunukia uyoga na msitu baada ya mvua, na hapo si ajabu mtu mzoefu, akipewa glasi bila kuoneshwa lebo, akaapa kwamba anakunywa Burgundy. Mtoto ameanza kufanana na mzazi uzeeni. Kama chupa mojawapo itanuka boksi lililolowana, hiyo ni hitilafu ya kizibo, wala usiuhukumu mvinyo wote kwa hiyo.

Hizo chupa za zamani zina adabu zake, lakini si nyingi. Simamisha chupa siku moja kabla ili mashapo yashuke, mimina taratibu, acha kidole kimoja chini. Usiache wazi kwa masaa. Mvinyo mwepesi uliozeeka huchoka upesi ukikutana na hewa nyingi.

Nisieleweke vibaya kwamba kila mvinyo mwepesi wa Ufaransa uwekwe. Mwingi, kwa kweli karibu wote, unywewe ndani ya miaka miwili, na hakuna aibu katika hilo. Beaujolais ya kawaida ya kusini, Brouilly nyingi, Chiroubles nyingi, zimetengenezwa kwa ajili ya sasa. Watu wa Lyon huzinywa katika vile vyupa vyao vya kitako kinene vya sentilita 46, pamoja na soseji na chakula cha mezani kisicho na makuu, na hakuna anayeuliza mwaka. Kuziweka ni kuzidhulumu. Ninachokataa ni ile hesabu ya kwamba mwepesi hauwezi na mzito unaweza. Uwezo wa kukaa unatafutwa mahali penyewe: mteremko gani, umri wa mizabibu, mkulima alivuna kiasi gani kwa hekta, na mwaka wenyewe ulikuwaje. Mkulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu wake haupati baridi ya kuulaza. Wa Morgon anapata mara moja, na jalidi ya masika au mvua ya mawe ya kiangazi ikimpiga, kama ilivyopiga vijiji kadhaa vya Beaujolais mwaka 2016 na tena 2017, hana mavuno ya pili ya kumfidia. Ndiyo maana tarakimu za mwaka kwenye chupa yake zina uzito.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa joto kuliko Wafaransa. Mvinyo unataka kulazwa gizani, mahali patulivu pa nyuzi 12 au 13, bila kupandishwa na kushushwa. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, nyuzi 30 ni siku ya kawaida, na chupa iliyokaa kabatini katika joto hilo mwaka mzima haizeeki; inapikwa. Ladha yake huwa ya matunda yaliyochemshwa na kizibo huweza kusukumwa nje. Asiye na friji ya mvinyo au chumba cha baridi, anunue za kunywa mwaka huu tu, na akague dukani kama zimesimamishwa dirishani mwa jua. Anayeishi nyanda za juu zenye ubaridi ana nafuu kidogo, na Waswahili walioko Lyon, Brussels au Montréal wana ghala za chini ya nyumba ambazo wengi wao huzijaza masanduku ya nguo. Zinaweza kufanya kazi nyingine.

Joto hilo hilo linatupotosha pia wakati wa kunywa. Kanuni kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba ilitungwa na watu wenye vyumba vya baridi. Gamay inataka nyuzi 13 au 14. Kwenye nyuzi 28 kileo hupanda puani na matunda hulegea. Saa mbili hivi katika friji zinatosha kwa chupa iliyokuwa mezani. Ukifanya hivyo utagundua jambo ambalo mvinyo mzito hautakupa: unakaa vizuri na chakula chetu. Pilipili hugombana na tanini na kileo kingi, vyote huongeza moto mdomoni. Kuku wa kupaka, pilau ya mbuzi, hata samaki wa kuchoma aliyekolezwa ndimu na pilipili, hupokea Fleurie au Morgon changa bila ugomvi.

Kinachonitia hofu ni kwamba wepesi huu wenyewe uko hatarini. Mwaka 2003, wakati wa joto kali la Ulaya, mavuno ya Beaujolais yalianza katikati ya Agosti, ilhali desturi ni Septemba. Lilionekana tukio la ajabu. Tangu hapo, mavuno ya Agosti yamerudi tena na tena. Jua kali huongeza sukari katika zabibu, sukari huwa kileo, na ugwadu hupungua. Miaka kama 2015, 2018 na 2020 ilitoa chupa za asilimia 14 na zaidi katika vijiji vilivyozoea 12 na nusu. Wapo wanunuzi waliozishangilia, wakisema hatimaye Beaujolais imekuwa mvinyo wa watu wazima. Mimi nasikitika. Kitu kilichodharauliwa kwa miaka mingi kwa sababu ni chepesi sasa kinasifiwa kwa kuacha kuwa chepesi, na ule ugwadu uliokuwa unakibeba miaka kumi ndio unaoungua kwanza.

Wakulima hawajakaa bure. Wapo wanaovuna alfajiri na kuwahi siku kadhaa, wanaoacha majani yafunike vichala badala ya kuyapunguza, na wanaopanda miteremko ya juu upande wa Chiroubles na Lantignié, ambako babu zao waliona pana baridi mno. Kazi hiyo ni ya gharama, na bei ya euro 12 haitaweza kuibeba milele. Nitakuwa tayari kuongeza euro kadhaa kwa mkulima wa namna hiyo, nikijua bado nalipa sehemu ndogo sana ya kile kinachotozwa kaskazini, huko Burgundy, kwa jamaa zake Gamay. Ila kabla sijalipa nageuza chupa na kutafuta ile tarakimu ndogo ya asilimia ya kileo. Ikiwa 13 au chini yake, naichukua. Ikiwa 14 na nusu, nairudisha kwenye rafu, hata kama jina la Côte du Py limeandikwa kwa dhahabu.